Kibweta cha mninga na karatasi za baba



Wiki hii tunazungumzia kibweta. Watoto wetu wa Kahama na Geita huenda hawalijui neno hili, kwani wamezoea kusema kisanduku, lakini ni neno zuri la Kiswahili na lina maana yake mahususi: sanduku dogo la mbao, lenye kifuniko, la kuwekea vitu vya thamani au karatasi na kalamu. Si sanduku la nguo wala si kasha la bibi harusi. Ni chombo cha kukaa juu ya kabati sebuleni, mgeni akiingia akione na akisifu. Ukikitengeneza chenye urefu wa sentimita 35, upana wa sentimita 25 na kina cha sentimita 12, kitalaza karatasi za kawaida za ofisini bila kukunjwa, na nafasi itabaki ya daftari moja na kalamu.

Watu wa pwani walilijua jambo hili tangu zamani. Makasha ya Unguja na Lamu, yale yenye misumari ya shaba iliyopangwa kwa nakshi, mengi yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi na Ghuba, na mengine yakaundwa papo hapo pwani. Ndani yake, ubavuni, mara nyingi mna kijisanduku kidogo chenye kifuniko chake. Humo ndimo zilimokaa hati na vito, mbali na nguo. Kasha zima lilikuwa pambo la nyumba, lakini moyo wake ulikuwa mle kijisandukuni. Sisi wa bara tumechukua pambo tukaacha moyo. Nyumba zetu nyingi zina kabati la vioo lenye vikombe visivyonywewa, ilhali cheti cha ndoa kimo ndani ya mfuko wa nailoni uliochomekwa kwenye kenchi, panya na mvua vikikigombania.

Katika ukanda wetu huu wa dhahabu, karatasi iliyopotea si hasara ndogo. Maisha ya machimboni yamejengwa juu ya maneno ya mdomo. Mwenye leseni anakubaliana na mwenye duara, mwenye duara anakubaliana na wachimbaji, mfadhili anatoa fedha za chakula na matimba kwa ahadi ya mifuko kadhaa ya mawe, na mawe yakitoka yanapelekwa kwenye karasha la mtu wa nne. Wote wanaaminiana, na Alhamdulillahi wengi wao ni waaminifu. Lakini ardhi haina mkataba na mtu. Mwezi Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa na kifusi katika mgodi wa Nyangalata, wilayani Kahama, na watano kati yao wakatolewa wakiwa hai mwezi Novemba, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Habari ile ilishangaza nchi nzima. Mimi hujiuliza zaidi habari ya wale wasiotoka, ambao majina yao hayafiki magazetini: kila mmoja alidai nini, na alidaiwa nini?

Kwa nafasi yangu ya ukatibu wa kamati ya msikiti, mimi ndiye ninayeandika pale msemaji wa familia anaposimama baada ya mazishi na kuwaomba wenye madai wajitokeze. Nimeandika orodha nyingi. Katika moja ya orodha hizo walijitokeza watu watano. Wawili walikuwa na karatasi zenye saini ya marehemu, watatu walikuwa na maneno tu, na wote watano walilia walipokuwa wakisema. Mjane alijua kwamba mumewe naye alikuwa akidai mifuko ya mawe kwa mtu, ila hakujua ni mingapi wala ni kwa nani. Miezi minne baadaye karatasi ya madai hayo ilionekana katika mfuko wa koti ambalo mjane alikuwa amekwisha kulitoa sadaka. Aliyepewa koti ndiye aliyeirudisha, Allah amlipe. Madeni ya maiti hulipwa kabla ya wasia na kabla ya mirathi, hilo halina mjadala; sasa utalipaje usilolijua, na utawagawia mayatima nini ikiwa mali yao imo katika koti la mtu mwingine?

Kwa hiyo kibweta ninachokisema hapa ni pambo lenye kazi, na nimeona kazi yenyewe huwa nyepesi nyumba nzima ikikitengeneza pamoja. Watoto waliokipaka rangi hawasahau kilipo.

Tuanze na mbao. Hapa kwetu chaguo ni kati ya mninga na paini. Mninga ni mti wa miombo yetu, wa Kahama, Bukombe na Mbogwe, ambao ukiukata gome hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mti huu umepungua sana, na uvunaji wake unataka kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo sikushauri uende kutafuta gogo. Nenda kwa seremala wa vitanda umwombe akuuzie vipande vinavyobaki. Kibweta hakihitaji ubao mrefu, na vipande ambavyo yeye angevitia jikoni vinakutosha wewe. Paini ni rahisi zaidi kupatikana, ni nyeupe, laini, nyepesi kwa msumeno wa mtoto, lakini mchwa nao wanaipenda, ilhali moyo wa mninga wanaukwepa.

Kuna mbao za aina ya tatu ambazo nazikataza waziwazi, nazo ni zile zilizotoka mwaloni. Nimeona watu wakiokota mbao za kuoshea dhahabu zilizochakaa, kwa kuwa ni kavu na hazina bei, wakatengenezea viti na masanduku. Mbao hizo zimenyweshwa tope la mawe yaliyosagwa, na pengine zebaki, kwa miaka. Ukizipiga msasa sebuleni unarusha hewani vumbi ambalo watoto watalivuta. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, mamia ya watoto walikufa kwa sumu ya risasi, kwa sababu mawe ya dhahabu yaliyochanganyika na madini hayo yalisagwa na kukaushwa majumbani mwao. Hawakuingia shimoni. Walicheza uani tu. Mbao za mwaloni ziache mwaloni, na kwa sababu iyo hiyo donge la dhahabu lililoshikana na zebaki lisiwekwe ndani ya kibweta hata usiku mmoja, kwani zebaki hutoa mvuke hata bila moto.

Kuunga sanduku lenyewe sitaeleza kwa urefu. Fundi yeyote wa mtaani atakukatia pande nne, kitako na kifuniko, atakutilia bawaba mbili na kitasa kidogo, na atakutoza fedha ya kawaida. Mwambie tu asipake kitu. Hilo lisisitize, maana mafundi wetu wana haraka ya vanishi.

Ukikipata kibweta kitupu, kazi ya kwanza ni msasa. Neno hili nalo lina asili yake: msasa ni mti wenye majani makavu yanayokwaruza, na wazee walisugulia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi za dukani kuja. Anza na namba 80 panapoparuza, ufuate na 120, umalizie na 220 au 240, kila mara ukisugua kufuata nyuzi za mbao, usizikate kwa kukingama. Fanyia nje, nawe umejifunga kitambaa puani. Vumbi la mninga huwaletea wengine mafua na kifua kubana. Kisha pitisha kitambaa chenye maji kidogo juu ya mbao yote, uiache ikauke. Utaona vinyweleo vya mbao vimesimama. Visugue taratibu kwa msasa ule laini. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayotenganisha kibweta kinachoteleza mkononi na kile kinachokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Kama pana mianya kwenye maungio, usiizibe kwa gundi tupu iliyomwagika huku na huku. Gundi ikikauka juu ya mbao, rangi haizami mahali hapo, na doa jeupe litabaki likikutazama daima.

Sasa rangi. Ziko rangi zinazozama ndani ya mbao na ziko zinazoifunika. Hukumu yangu ni hii: mninga usifunikwe. Kuupaka mninga rangi ya bluu ni kumvika bibi harusi gunia. Mninga mpake nta au vanishi isiyo na rangi, basi, nao wenyewe utazidi kukolea kadiri unavyozeeka. Paini ndiyo inayohitaji msaada wetu, na msaada huo unapatikana jikoni.

Chukua waya laini wa kusugulia sufuria, ule unaoshika kutu, si ule unaong'aa miaka yote. Uoshe kwa sabuni uondoe mafuta, uukatekate, uutie ndani ya chupa ya kioo pamoja na kikombe kimoja cha siki nyeupe. Ukikosa waya, misumari yenye kutu itafaa. Funika chupa bila kukaza, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa na chupa iliyokazwa inaweza kupasuka. Iweke juu, mbali na watoto, kwa siku mbili au tatu, kisha chuja kwa kitambaa cha zamani. Siku ya kupaka, chemsha majani ya chai vijiko vitano katika kikombe kimoja cha maji mpaka iwe nyeusi kabisa, chai ambayo hakuna mtu angeweza kuinywa. Iache ipoe.

Paka chai kwanza, kwa brashi au sifongo, pande zote. Acha ikauke kabisa. Utadhani hujafanya kitu, mbao imekuwa ya manjano kidogo tu. Halafu paka maji ya siki na chuma. Hapo waite watoto, maana mbele ya macho yao mbao itaanza kugeuka: kijivu, kisha kahawia, kisha karibu na weusi, ndani ya dakika chache. Chai ina kitu kiitwacho tanini, na chuma kikikutana nacho huzaa rangi nyeusi inayozama ndani ya nyuzi za mbao. Wino wa zamani wa kuandikia hati ulitengenezwa kwa njia inayofanana na hii, kwa chuma na tanini ya miti. Mzazi anayemfundisha mtoto sayansi ya darasani hatapata somo zuri kuliko hili kwa siki ya mia chache.

Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki. Ukitaka rangi nyepesi, ongeza maji kwenye siki yako. Fahamu pia kwamba kichwa cha ubao, yaani pale msumeno ulipokata nyuzi, hunywa rangi kuliko ubavu, hivyo pitisha brashi isiyolowa sana. Kanzu usiivae, doa la chuma kwenye kitambaa cheupe ni la kudumu.

Baada ya siku moja ya kukauka ndipo nakshi. Hapa nawashauri akina mama na mabinti watawale, nasi tushike kigezo tu. Kwa nakshi tumia rangi ya maji, si ya mafuta. Rangi za mafuta zilizo nafuu, hasa za manjano na nyekundu zilizokolea, katika nchi nyingi zimekutwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kitu kitakachoshikwa na watoto kila siku hakistahili kubahatishiwa. Soma kopo, lisilosema lolote kuhusu risasi liache dukani. Na kama unatengeneza upya kisanduku cha zamani kilichopakwa rangi usiyoijua, usikisugue kikavu. Kiloweshe kwanza, kisha ukusanye matope yake ukayafukie mbali na bustani ya mboga.

Nakshi iliyo rahisi na yenye heshima ni nyota ya pembe nane, ile tunayoiona kwenye mas-hafu ikionesha robo ya hizbu. Kata mraba mmoja wa karatasi ngumu ya boksi, upana wa sentimita 6. Uweke katikati ya kifuniko, uzungushie penseli. Bila kuhamisha kitovu chake, uugeuze mpaka pembe zikae pale palipokuwa katikati ya pande, uzungushie tena. Nyota imepatikana, na hapakuhitajika kipawa chochote. Ijaze kwa sifongo kilichochovywa kidogo, kwa kugonga-gonga, si kwa kupiga mswaki, ili rangi isipenye chini ya ukingo. Pembezoni zungusha majani au mkufu wa nukta kama pindo la kanga. Wako wanaotaka kuandika aya juu ya kifuniko. Mimi siungi mkono. Kibweta huwekwa chini siku ya kufagia, mtoto hukikalia, mtu huegemeza kikombe cha chai juu yake, na maneno matukufu hayastahili hayo. Andikeni jina la ukoo na mwaka, yatosha.

Kazi ya rangi isifanywe kuanzia saa tano mchana katika kiangazi cha Shinyanga. Kuanzia mwezi wa saba upepo wetu unabeba vumbi kiasi kwamba brashi inakuwa inapaka udongo. Fanya baada ya Alfajiri, umekwisha kunyunyiza maji uani.

Mwisho ni kukinga. Vanishi inafaa, mikono miwili myembamba badala ya mmoja mzito unaochuruzika. Mimi napendelea nta ya nyuki, nayo misitu ya Bukombe na Tabora haijatunyima. Ipashe ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto. Usiiweke kwenye moto moja kwa moja, kwani hulipuka. Ikiyeyuka, ondoa kila kitu jikoni, utoke nje, ndipo uongeze tapentaini mara tatu ya kiasi cha nta, ukoroge mpaka iwe kama samli. Paka kwa kitambaa, subiri nusu saa, kisha sugua kwa kitambaa kikavu mpaka mkono uchoke. Usitumie mafuta ya kupikia kama wafanyavyo wengine. Hayakauki, hugeuka kunata, na karatasi za ndani zitachukua madoa na harufu.

Kwa sababu hiyo hiyo ndani ya kibweta usipake kitu chochote. Tandika kitambaa safi cha pamba. Wengi huongeza majani makavu ya mwarobaini kwa ajili ya wadudu.

Na ndani yake mkae nini? Vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja, leseni ya uchimbaji mdogo kwa aliye nayo, ambayo ni ya miaka 7 na tarehe yake ya kwisha isahauliwe na mtu yeyote isipokuwa mwenye wivu na kiwanja chako. Risiti za soko la madini. Tangu soko la Geita lifunguliwe mwaka 2019, muuzaji wa dhahabu hana tena udhuru wa kukosa karatasi. Wasia, uliosainiwa mbele ya mashahidi, kwani Mtume (SAW) hakumpendelea Mwislamu mwenye cha kuusia alale hata mikesha miwili pasipo kuuandika. Na anayetaka usalama zaidi anaweza kuuhifadhi RITA, akabaki na nakala kibwetani. Halafu daftari la madeni, kurasa za kushoto tunachodai, kurasa za kulia tunachodaiwa, kwa tarehe, kiasi na majina ya mashahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu jambo hili la kuandika deni, na wala haikuwabagua wenye deni dogo.

Ufunguo uwe na nakala mbili, mmoja kwa mume na mmoja kwa mke. Hili limewakera baadhi ya ndugu zangu nilipolisema msikitini, wakidai mke akijua madeni ya mumewe atamdharau. Nikawauliza ni nani atakayesimama mbele ya wale watu watano siku ya mazishi. Ndugu mmoja alicheka, wengine walinyamaza, na tukaendelea na ajenda ya paa.

Kiweke kibweta mbali na ukuta unaovuja na mbali na jiko, juu ya kitu kisichogusa ardhi, hasa kikiwa cha paini. Cha kwetu nyumbani kiko juu ya kabati la vitabu. Daftari huandikwa usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha, na mwandishi ni binti yetu wa darasa la sita, kwa kuwa ndiye mwenye hati nzuri kutuzidi sote.